Tuta la Nyuma ya Nyumba Yetu

Harufu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa bado hunikera. Hunirudisha Louisville, Marekani, kwenye nyumba yetu ya ghorofa ya chini kabisa, karibu na kijito kilichozuiwa na tuta la udongo ili mvua zisitufurikishe. Nilikuwa na miaka kumi.

Mama alikuwa amekulia kwenye mabwawa ya samaki ya babu, kule Uvira, Kongo. Siku moja, tukitoka kituo cha basi, alisimama chini ya tuta. Maji yalikuwa yakibubujika kutoka kwenye majani, mahali padogo kama sahani. Alichota kidogo, akayasugua vidoleni.

“Hii maji iko na matope,” alisema. “Donc udongo ya tuta inaisha kule ndani. Piga simu, uwaambie.”

Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa nyumba: shule, daktari, umeme, vyote nilitafsiri mimi. Nilichoka. Siku hiyo katuni yangu ilikuwa imeanza. Nikapiga namba ya ofisi ya tuta, iliyoandikwa kwenye kibao pale chini yake, nikasema kwa Kiingereza kwamba kuna maji kwenye majani. Mwanamume mmoja akajibu kwa upole kwamba baada ya mvua hilo ni jambo la kawaida.

“Umemwambia matope?”

“Yes, Mama.”

Sikuwa nimemwambia. Alinipigisha simu mara mbili zaidi, na mara zote nilisema yaleyale, haraka haraka, kwa hasira. Naye alizunguka jikoni akilalamika, “Bon, hawa watu hawasikiaka!”

Mvua kubwa ilipokuja, kipande cha tuta kiliporomoka. Maji mekundu yaliingia mpaka magotini. Bi Zuhura, Mtanzania wa ghorofa ya juu, alitupokea na magodoro yetu yanayochuruzika. Hakufa mtu. Picha pekee ya babu ndiyo iliyopotea, na Mama aliililia kama msiba.

Baadaye alikuja mkaguzi pamoja na mkalimani mtu mzima. Swali lake la kwanza lilikuwa: maji yale yalikuwa safi, au ya matope?

“Matope!” Mama alisema, akanivuta mbele kwa fahari. “Huyu mtoto yangu aliwaambiaka, mara tatu!”

Mkaguzi alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba neno nililoliruka ndilo lililokuwa habari yenyewe. Mama bado anawakasirikia watu wa ile ofisi. Wageni wakija, huwasimulia jinsi walivyotupuuza. Mimi huinuka nikaenda kuchemsha chai.