Kabla Mgeni Rasmi Hajasimama

Nilianguka kwenye njia ya kisimani wakati wa masika, ndoo ikiwa kichwani. Ndoo ilipasuka, kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi, na ile sehemu ya utelezi niliipita kwa matako. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Ubaya ni kwamba jirani aliniona, na jirani ana simu.

Mwanangu wa kwanza anaishi Dodoma. Ana kazi ya ofisini na nyumba yenye vigae hadi chooni. Shule zilipofungwa mwezi wa sita alikuja na gari pamoja na binti yake, mjukuu wangu aliye kidato cha pili. Hata chai hakumaliza.

"Mama, safari hii tunaondoka wote."

Nilishawahi kukaa kwake. Mkwe wangu ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini nilikatazwa kuosha hata kikombe. Asubuhi wanaondoka wote, geti linafungwa, mimi nabaki na televisheni inayojisemea peke yake. Nilikuwa natolewa barazani nianikwe juani, jioni naingizwa ndani, kama mbaazi. Na mbaazi zina nafuu, zinangoja kupikwa.

Hapa kijijini Daudi nina ng'ombe watatu na kipande cha vitunguu saumu. Nyumba hii nimeijenga na marehemu mume wangu, udongo tumeukanyaga kwa miguu yetu wenyewe, na kaburi lake liko nyuma ya zizi. Nilijua nikiingia kwenye lile gari ng'ombe watagawanywa kwa ndugu, na nyumba isiyopikwa chakula huanguka yenyewe bila kusukumwa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mama, je ukianguka tena usiku, nani atakuokota?" Hapo sikuwa na jibu, na mimi nisipokuwa na jibu nakasirika.

Jumapili kanisani wakatangaza mbio. Kilomita tano, Jumamosi inayofuata, kuchangia wodi ya wajawazito kwenye zahanati yetu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani mwanangu akanitazama nilivyokuwa naweka ule mguu chini, akasema kwa utani, "Hebu fikiria mama, hata kilomita tano siku hizi huziwezi."

"Ni wapi na wapi?"

Mjukuu akajibu. "Kutoka uwanja wa shule hadi daraja la chini, bibi, halafu kurudi."

"Hiyo ndiyo wanaiita mbio? Hiyo ni njia ya kwenda mashine ya kusaga. Nimeipita na debe la mahindi kichwani na baba yako mgongoni."

"Kabla ya kifundo," mwanangu akasema.

"Nikimaliza je?"

"Ukimaliza nini?"

"Hizo mbio. Nikimaliza, gari lako linarudi Dodoma kiti kimoja kikiwa kitupu, na maneno ya kuhama yanaisha."

Alicheka. Binti yake hakucheka, akamwambia, "Baba, sema ndiyo au hapana." Basi akaanza kuweka masharti, maana ndiyo kazi yao watu wa ofisi. Nimalize kwa miguu yangu. Nisishikwe mkono na mtu. Na niwe nimefika kabla mgeni rasmi hajasimama kuhutubia, nisije nikatembea mpaka jioni nikasema nimekimbia. Nilikubali upesi. Tangu nizaliwe sijamwona mgeni rasmi aliyefika kwa wakati.

Wiki ile nilikisugua kile kifundo kwa mafuta ya kondoo asubuhi na jioni, nikakifunga kwa kipande cha kanga. Mjukuu alitaka kuniazima raba zake. Nikamwambia mguu wangu unajuana na katambuga zangu za tairi miaka mingi, siyo siku ya kesi ndipo niutafutie wakili mgeni.

Jumamosi kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Mbulu ya mwezi wa sita, inayoingia hadi kwenye meno. Nilivaa sweta, juu yake fulana ya mbio iliyonifika magotini, mjukuu akanibandika namba kwa pini. Mwanangu naye alijiandikisha ili ashuhudie kwa macho yake. Alivaa suruali ya michezo inayong'aa kama karatasi ya pipi. Watu walitutazama. Mama mmoja wa kwaya akaniuliza, "Bibi, na wewe?" Nikamwambia, "Na mimi, kwani barabara ni ya nani?"

Filimbi ikalia, vijana wakatoka kama ndama waliofunguliwa kamba. Mimi nilianza kwa mwendo wangu wa kwenda mashine.

Sasa hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu shikamoo. Huku kwetu mtoto hawezi kumpita mtu mzima bila kumsalimia, hata awe anafukuzwa na nyuki. Walioanza kwa kuchelewa walianza kunipita, na kila mmoja, "Shikamoo bibi." Marahaba. "Shikamoo bibi." Marahaba. Ilinipita shule ya sekondari nzima, mmoja mmoja, na walimu wao. Pumzi niliyoiweka kwa ajili ya mlima ikawa inaisha kwenye tambarare.

"Mama, usiwajibu," mwanangu akasema. "Unajichosha."

"Mtu akinipa shikamoo nimnyime marahaba, kisa mbio?"

Mteremko ukaanza. Kijana huogopa kupanda, mzee huogopa kushuka. Pale kila hatua iligonga kifundo, na kifundo kikapeleka habari gotini. Mwanangu akaninyooshea mkono. Nikautazama, nikakumbuka masharti, nikaendelea. Nilishuka kimshazari, kutoka ukingo huu wa barabara hadi ule, kama mtu mwenye mzigo wa kuni. Njia ilirefuka lakini sikuanguka.

Katikati ya mteremko nikakutana na wa mbele wakiwa tayari wanarudi. Mjukuu wangu alikuwa wa tatu kati ya wasichana, mdomo wazi, jasho linamtiririka. "Shikamoo bibi," akasema hivyohivyo, hakusimama. "Marahaba, kimbia." Niligeuka nikamtazama mgongo. Ile miguu siyo ya Dodoma. Ile imetoka huku, imekwenda kule kutembea tu.

Darajani tukazunguka pipa walilokuwa wameliweka, mimi na mwanangu, wengi wakiwa wameshatutangulia. Yeye alikuwa anapumua kwa kelele. Mimi nilikuwa napumua pia, ila kwa siri.

Pale mlima unapoanza anaishi mzee mmoja, rafiki wa marehemu mume wangu, amenizidi miaka mingi. Tulimkuta amesimama katikati ya barabara, koti begani, rungu mkononi. Kumpita haiwezekani. Nikasimama.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Wamechukua wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Ng'ombe. Nimeona watu wanakimbia kwenda darajani, nikaenda kuchukua rungu. Natoka nje, naona wengine wanakimbia kurudi. Sasa wezi wako upande gani?"

"Hakuna wezi, shemeji. Ni mbio tu. Za zahanati."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Watu wanatoa hela, wanakimbia hadi darajani, wanarudi."

"Wanarudi." Alifikiri kidogo. "Walisahau nini?"

Wakati huo spika za uwanjani zikasikika kutoka juu. Zilikuwa zinaomba watu wakae vizuri, mgeni rasmi ameshawasili. Mwaka mzima anaweza kuchelewa, halafu siku ya kesi yangu anafika mapema. Na huyu mzee ukimjibu swali moja ana mengine manne nyuma yake. Bado hajauliza mvua, bado hajauliza watoto, bado hajauliza nani alikufa tangu tulipoonana.

"Shemeji," nikasema, "huyu ni mtoto wetu, yule wa Dodoma. Yeye amesoma, atakueleza hizi mbio vizuri zaidi yangu."

Mzee akamshika mkono. Na kwetu mzee akikushika mkono huutoi, unangoja auachie mwenyewe.

"Mama," mwanangu akasema.

"Msalimie baba yako mkubwa," nikasema, nikaondoka.

Watu wameniuliza kama nilifanya makusudi. Nilifanya makusudi.

Mlima niliupanda mikono ikiwa nyuma ya kiuno, macho chini, bila kutazama mwisho wake. Kuutazama mwisho wa mlima kunachosha kuliko kuupanda. Kifundo kilikuwa kimeacha kuuma, kimekuwa cha moto tu, na hilo nilijua siyo dalili njema. Kwenye mikaratusi nilikuta vijana wanne wamekaa ukingoni, wale walioondoka kama ndama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnangoja nini?"

"Tunapumzika."

"Mtapumzika mkizeeka."

Wakacheka, wakanyanyuka, lakini hawakunifikia mapema.

Kisha pikipiki ikaja nyuma yangu taratibu, brum, brum, kama mbwa anayetafuta mwenyeji. Bodaboda akasema, "Bibi, panda. Nimeambiwa nikufuate, ukichoka nikubebe."

"Umeambiwa na nani?"

"Yule kaka wa suruali inayong'aa."

Sitadanganya, nilikitazama kile kiti. Kilikuwa na sponji nene, na uwanja hauonekani bado. Mguu wenyewe ulitaka kupanda. Nikamwambia, "Nikipanda hapa, nimepanda hadi Dodoma."

"Dodoma siendi, bibi. Mimi naishia hapo shuleni."

"Basi tangulia, usinipulizie moshi."

Nilipotokeza uwanjani utepe wa kumalizia ulikuwa bado upo, umelegea upande mmoja. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti, wamegeukia turubai. Mtangazaji alikuwa ameshamtaja mgeni rasmi kwa vyeo vyake vyote. Nikamwona kwa mbali, mtu mnene, ameweka mikono kwenye viti viwili anajisukuma. Mjukuu wangu alikuwa kwenye utepe. Alinyoosha mkono wake mbele yake, kiganja chini, akimtazama yule mtu kama mwamuzi wa mpira.

"Bado, bibi," akasema. "Bado. Bado hajanyooka."

Nikavuka. Aliponyooka mgeni rasmi akaanza kufunga kifungo cha koti, na mimi nilikuwa upande wa pili wa utepe. Niliomba kiti, wakanipa medali. Kiti kilikuja baadaye.

Hotuba ilikuwa imefika kwenye mambo ya barabara ndipo mwanangu akatokeza, shati limemganda mgongoni, na mzee pembeni yake na rungu lake. Kumbe mzee alisema hawezi kuelezwa jambo kama hilo, aende akalione. Walipanda wote mlima. Mwanangu alinitazama mimi kwenye kiti, akaitazama pikipiki iliyoegeshwa, akaenda kwa bodaboda.

"Ulimbeba?"

"Alikataa, kaka. Aliniambia akipanda anafika Dodoma. Sikumwelewa."

Mmoja wa wale vijana wa mikaratusi akadakia. "Sisi alitupita kwa miguu. Tulimsalimia, akatutukana kidogo."

"Sikuwatukana," nikasema.

Na mwanafunzi mwingine akasema yeye alimsalimia bibi kwenda na kurudi, na mara zote aliitikiwa. Ilikuwa kama nimetawanya mashahidi barabara nzima, kila marahaba shahidi mmoja.

Mwanangu akarudi kwangu akipangusa jasho. Ni mzee aliyesema.

"Shemeji, huyu kijana pumzi yake ni fupi. Nimemsubiri mlimani mara mbili. Huko wanamlisha nini? Mwache akae hapa kwako, anywe maziwa."

Watu wa viti vya jirani wakacheka, mwanangu naye akashindwa kujizuia. Kisha akasema, "Haya, mama." Baba yake naye alikuwa akishindwa anasema hivyo, haya, na neno lingine haongezi.

Waliondoka mchana huohuo ili wakalale Babati kwa wakwe. Kile kiti cha gari nilichokuwa nimewekewa nilikijaza, kiroba cha vitunguu saumu, maboga mawili, kibuyu cha maziwa ya mgando. Mwanangu aliongeza sharti moja la mwisho, simu yangu iwe na chaji kila siku na niwe napokea. Hilo nilimkubalia bila kubishana. Lina haki yake. Lile swali lake la nani ataniokota usiku bado sijalijibu, najua, na yeye anajua kwamba najua.

Kesho yake miguu ilikataa. Siyo mmoja, yote miwili. Nilijaribu kuinuka kitandani nikashindwa, na ng'ombe wanalia zizini. Nikamwita jirani kupitia dirishani, yuleyule mwenye simu. Akaja, akanitazama, akachukua ndoo bila kuuliza.

"Ukimpigia mwanangu," nikamwambia, "tutaonana kwa mwenyekiti wa kitongoji."

"Mimi, mama? Simu yangu haina chaji."

Alikuwa zizini bado wakati simu yangu ilipolia.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, baba. Mmelala salama huko?"

"Salama. Ng'ombe wameshakamuliwa?"

Nilisikiliza. Maziwa yalikuwa yanapiga ndoo, chwaa, chwaa.

"Wanakamuliwa sasa hivi," nikasema.

"Na mguu?"

"Upo."

Na ulikuwepo kweli, juu ya gunia la mbaazi, umefungwa kanga, umevimba kama kiazi, ndani ya nyumba yangu.