Nyanchoka na Gia ya Mlimani

Miaka ishirini na mitatu Nyanchoka alikaa pembeni mwa mumewe, Bosire, kwenye pikapu yao ya ndizi, asijali mkono wa mume unafanya nini kwenye gia. Kisha kiharusi kikamwangusha Bosire, mguu wa kushoto ukalala, na huo ndio mguu wa klachi. Kliniki anahitajika kila Jumatano, kwa hiyo ikabidi Nyanchoka ajifunze kuendesha, Bosire akimfundisha.

Shemeji yake Nyanchoka, Nyamongo, alikuwa amekwisha toa neno: "Jumapili msipofikisha hii gari kwa lami, naichukua." Na kitu kikishaingia kwa Nyamongo, basi, kimekwenda.

Jumapili ikafika. Mlima wa Gesima ukasimama mbele yao, mkali, na Nyanchoka akatia namba nne. Pikapu ikatetemeka, ikakohoa, ikazimika. Akarudia mara ya pili, mara ya tatu. Mambo yaleyale.

"Moja, Mama Haron," Bosire alisema kwa mdomo wake mzito. "Moja!"

"Moja si ya kuondokea? Umesema mwenyewe! Na tumeshaondoka!"

Kichwa kilimvurugika kabisa. Mlima mkubwa, halafu autilie namba ndogo kuliko zote? Bosire akaanza tena habari za meno ya gia, yale makubwa na yale madogo, na kila alivyoeleza ndivyo mkewe alivyozidi kupotea. Machozi ya hasira yakamtoka. Aliichukia pikapu, akamchukia Nyamongo, na kwa kitambo kidogo akamchukia Bosire pia.

Hapo Bochaberi, jirani yao, akawapita akiwa na kikapu cha majani chai mgongoni. Aliinama, akapanda kwa hatua fupi fupi, nyingi, bila kusimama. Nyanchoka alimkodolea macho. Si ndivyo yeye mwenyewe alivyoupanda mlima huo tangu aolewe? Nani mwenye mzigo aliyewahi kupiga hatua ndefu pale?

"Baba Haron. Namba moja ni hatua fupi?"

Bosire alifikiri. "Ee. Ni hiyo."

Akatia moja. Pikapu ikanguruma, ikapanda polepole, ikampita Bochaberi, ikatokea kwenye lami alikosimama Nyamongo, mikono mfukoni.

"Sasa mbona hukuniambia hivyo wiki nzima?" Nyanchoka aliuliza, bado na hasira.

"Ningejuaje?" Bosire alisema taratibu. "Kikapu sijawahi kukibeba."

Nyanchoka alikanyaga klachi, akatia namba mbili.