Maneno ya Shangazi Niliyoyapindua Mlangoni

Nakumbuka Jumamosi moja mgombea ubunge alipotufuata hadi mlangoni, hapa Sparkhill, mtaa wetu huku ughaibuni, nyuma ya barabara ya Stratford Road. Shule sikuisoma sana, mwanangu, ila Kiingereza cha kazini nilikuwa nacho, cha kubebea mizigo ghalani Aston. Basi Mzee Hamadi, aliyekuwa akiwazungusha wagombea kwenye nyumba za Waswahili, akanifanya mkalimani. Alishamwahidi yule bwana mtaa mzima. Kura zetu zilitiwa kapuni kabla hatujazipiga.

Mlango akafungua shangazi yangu Mwanaisha, aliyenilea. Salamu yenyewe hakuimaliza.

"Mwambie aje alale chumbani kwangu usiku mmoja tu! Ukuta umeota kuvu nyeusi kama masizi, kifua kinanibana, kaunsili, wenye nyumba hii, kila siku subiri, subiri. Kura anataka? Kwanza anipe pumzi!"

Mzee Hamadi akaninong'oneza, "We kijana, usituaibishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nami nikamwambia mgombea: shangazi anakukaribisha, anakuombea ushindi. Akafurahi, akamshika mkono, wakapigwa picha.

"Umemwambia?" shangazi akaniuliza.

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

Yule bwana akashinda. Baridi ikaingia, na kila gari likisimama nje shangazi hufunua pazia. "Labda ndio watu wa ukuta." Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba hakuna anayekuja. Baridi haijaisha, tukamzika. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wenye kosa nawataja, sioni haya. Hamadi, aliyetuuza sote apate kiti cha mbele kwenye karamu ya ushindi. Mgombea, aliyeuona uso ule umekunjamana akaamini ni furaha. Na mimi. Mimi wa kwanza.

Sasa mabango yamerudi madirishani. Hamadi kazeeka, mwanawe ndiye anayewazungusha. Na wewe, nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, kwa hiyo ukalimani utaitwa wewe. Mwanangu, neno la mwenye shida lifikishe lilivyotoka, na ukali wake. Mgeni akiona haya, na aone. Wala kura yako usimwachie mzee akuahidie, hata nikiwa mimi.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa. Akujaalie na nyumba kavu, wewe na wanao.