Wali wa Kubeba

Mke wangu alipozidiwa na maumivu ya mgongo, hata akawa hawezi kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa, tulikubaliana aende Mombasa kwa dada yake, karibu na hospitali ambako angefanyiwa mazoezi ya viungo. Mimi ningebaki Lamu niendelee kufundisha. Nilimsindikiza mpaka Mokowe kupanda basi, nikamwekea mto nyuma ya kiuno, na aliponiuliza nitakula nini nilimjibu kama mtu asiye na wasiwasi: "Mji mzima huu, nitakosa chakula?"

Sikukosa. Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi mtaani kwetu kabla ya kuvuka kwa boti kwenda kazini. Mchana nilikula kwenye kihoteli cha kando ya barabara, jirani na shule yetu kule Kililana. Jioni nilinunua mishikaki, au pilau, au chochote nilichokuta kinanukia njiani. Majirani nao mwanzoni waliniletea sahani zilizofunikwa, lakini sahani ya watu hairudishwi tupu, nami sikuwa na cha kuweka ndani. Nikawa nawaambia nimeshiba.

Mshahara wa mwalimu hauwezi maisha hayo. Mwezi wa pili haukufika hata katikati, nikajikuta nimesimama mbele ya muuza mahamri nikijipapasa mifuko, na fedha za matibabu bado sijazituma. Jioni ile mke wangu akapiga simu.

"Yeo umekula nini?" akaniuliza. Kwetu leo ni yeo, na Mombasa haikuwa imemgeuza ulimi.

"Pilau."

"Pilau ya harusi gani?"

"Ya kununua."

"Na jana?"

Nikamwambia. Akauliza na juzi, nikamwambia pia. Hapo nikajua kwamba amekwisha kuelewa kila kitu.

"Jikoni mna mtele," akasema, akimaanisha mchele. "Gesi niliiwacha imejaa. Nazi ziko chini ya ngazi. Kwani mikono yako ina nini?"

Sikuwa mtu wa jikoni. Katika nyumba niliyolelewa, mwanamume alifika mlangoni mwa jiko kuomba maji ya kunywa, akapewa, akaondoka. Hata kwenye harusi, ambako wanaume ndio hupika masufuria makubwa, mimi nilikuwa wa kupokea wageni. Nilimwambia hivyo.

"Basi nitakupikia kwa mdomo," akasema.

Tangu siku ile akawa ananitumia ujumbe wa sauti. Niliweka simu juu ya mtungi wa maji, nikamsikiliza mke wangu akiongea jikoni mwake kutoka Mombasa. "Osha mtele mpaka maji yawe meupe. Ah, si meupe, yawe safi, weupe ndio unaoutoa. Tui likianza kutokota usiondoke kwenda kusoma gazeti, nakujua." Nilikaa juu ya mbuzi, kile kibao kifupi chenye ulimi wa chuma, nikakuna nazi na kidole gumba changu pamoja. Wali ule wa kwanza ulitoka bokoboko, umerojeka wote. Niliula hivyo hivyo, na uliobaki nikautia katika mkebe wa kesho yake.

Kubeba nako kulikuwa na mambo yake. Siku moja niliuweka mchuzi wa samaki kwenye mkebe ambao kifuniko chake hakikushika, na boti ilipopiga wimbi mchuzi ukamwagika mkobani. Abiria walianza kutazamana, kisha wakanitazama mimi. Kwa wiki nzima madaftari ya darasa la sita yalinuka samaki. Siku nyingine nilifungua maharagwe ya nazi mchana nikayakuta yana povu.

"Uliyafunika ya moto?" mke wangu akauliza.

"Ndiyo, ili yasipoe."

"Ndio maana yamechacha. Yaache kwanza, upepo uyapige, ndipo ufunike. Na siku za jua kali tui usitie kabisa, kaanga kwa kitunguu."

Nilishika. Nikawa naamka, nikishaswali alfajiri naingia jikoni, na jua likichomoza mkebe uko tayari. Fedha za matibabu zikaanza kwenda Mombasa kwa wakati wake. Lililonishinda ni kula mbele za watu. Walimu wenzangu walikwenda kwenye kihoteli kwa pamoja, na mazungumzo yote ya shule yalikuwa kule. Mimi nilisema nina kazi ya kusahihisha, nikajifungia katika darasa tupu, mgongo kwa mlango, nikala wali baridi harakaharaka kama niliyeuiba. Niliona haya, mtu mzima mwenye mvi, kubeba chakula kama mtoto wa chekechea.

Aliyenikuta huko ni mwenye kihoteli. Alikuwa mama wa makamo aliyetoka bara na mumewe kuja kulima, na mashamba yalipokuwa hayatoshi akafungua mahali pa chai na chapati. Alivuka barabara na aproni yake, unga mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni. Mimi nina tonge mdomoni.

"Mwalimu," akasema, "nimekukosea?"

Nilimeza kwanza. "Hapana, mama. Hujanikosea."

"Kama ni ile siku chapati ziliisha, nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Mtu wa kila siku akipotea, mimi nafikiria. Nafikiria labda alipata kitu kibaya kwa chakula changu, anaona aibu kuniambia."

Ikabidi nimweleze. Nilimwambia habari za mgongo wa mke wangu, za Mombasa, za mshahara unaokwisha kabla ya mwezi. Hakuna mtu wa shuleni niliyekuwa nimemwambia. Alikaa juu ya dawati la wanafunzi akasikiliza, kisha akauvuta mkebe, akautazama.

"Hii umepika wewe?"

"Mimi."

"Na unaikula baridi?"

"Nitafanyaje?"

"Kesho ilete kwangu nikupashie. Chai utanunua."

Nilimwambia nitamzibia nafasi ya wateja. "Kiti ni kiti," akasema. "Kikikaa bure kinanipa nini?"

Kesho yake nilikwenda. Wenzangu walipouona mkebe wangu ukitoka jikoni unafuka moshi, mmoja akapiga kelele, "Mwalimu ameoa tena!"

"Amejioa mwenyewe," yule mama akamjibu huku akimimina chai. "Wewe kula."

Walicheka, nami nikacheka, na haya ikaniondoka pale pale. Haikupita muda yule aliyenitania akaja na viazi vitamu vyake vimefungwa kwenye kitambaa. Mwingine akaja na muhogo. Nilianza kuogopa kwamba nimemletea mama wa watu hasara, na yeye mwenyewe akasema, nusu kwa mzaha, "Sasa mnataka kunifungisha hoteli." Basi tukakubaliana kwamba mwenye kubeba abebe wali au muhogo, mchuzi na mboga tununue kwake. Kwangu bado kulikuwa na unafuu mkubwa, na sufuria zake hazikulala.

Siku moja alionja wali wangu wa nazi akataka kujua umepikwaje. Nilianza kueleza nikakwama, nikampigia simu mke wangu nikampa. Waliongea mpaka kengele ikalia, mmoja kwa Kiamu chetu cha Lamu, mwingine kwa Kiswahili cha bara, kila mmoja akimwomba mwenzake arudie. Baada ya hapo wakawa wanapigiana wenyewe.

Kwa simu hizo ndipo nilipojua nilichofichwa. Yule mama alikuwa anaosha vikombe, akaniambia bila kunitazama, "Mwalimu, mke wako anaogopa kurudi."

"Anaogopa nini?"

"Daktari amemwambia atatembea vizuri, lakini kuinama kama zamani, hapana. Anasema atakaa jikoni kwake kama mgeni."

Nilivuka siku ile nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilifika nyumbani nikasimama katika lile jiko, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi kila kitu kilivyo chini: gesi sakafuni, mbuzi sakafuni, masufuria chini ya rafu. Miaka yote ameishi amejikunja humo. Nikamwita fundi seremala, nikamwambia nataka meza ya kufika kiunoni, na ile mbuzi ya nazi ifungwe juu yake. Fundi akauliza kama nakusudia kufungua hoteli. Mbao zililipwa na pilau nisizonunua.

Mke wangu aliporudi alitembea mwenyewe kutoka gatini. Nilimpeleka jikoni. Aliigusa meza, akaushika ule ulimi wa chuma uliokuja kumfika tumboni, akazungusha macho.

"Nani aliyekwambia uhamishe bizari zangu?" akasema. Kisha akaegemea meza akalia, na mimi nikamshika bega mpaka akanyamaza.

Hatukupatana mara moja. Alikuna nusu ya nazi akachoka, akakataa nimsaidie, kisha akakubali kwa hasira. Bizari tulizigombania wiki kadhaa. Sasa tunapika wote asubuhi: yeye tui na wali, mimi samaki na kila kinachotaka kuinama au kunyanyua. Wali wake wa mchana naufunika mezani, wangu naubeba. Siku nyingine mgongo unamkatalia hata kusimama, nikapika peke yangu, akala bila kusema neno, na kwa mke wangu hiyo ni sifa kubwa.

Likizo ilipofika alitaka kuvuka amwone rafiki yake wa simu. Nilimpeleka Kililana polepole, na yule mama akatoka nje kutupokea, unga mikononi, wakakumbatiana kama ndugu waliopoteana. Kisha wakaingia jikoni wote wawili. Nilipochungulia niulize kama chai ipo, nikakabidhiwa kisu na beseni la viazi, nikaambiwa nikakae pale nje, nimenye.