Soketi ya Tela la Halfani

Apolinari hakusoma shule ya ufundi. Umeme aliujifunzia mgodini, enzi zile mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda ulipokuwa ungali unavuma. Mgodi ulipofungwa na watu wakatawanyika, kila mtu na njia yake, yeye alibaki mjini, akasimamisha banda la mabati pale Makanyagio na kuanza kutengeneza umeme wa magari. Alikuwa Mpimbwe wa Mamba, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, mtu wa maneno machache. Katika tumbo la mama yake alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Kalisti.

Kalisti ndiye aliyekufa mwaka ule wa sabini na sita, mpunga ulipokuwa unamalizwa kuvunwa.

Alikuwa amekaa juu ya magunia ya mpunga, kwenye tela lililofungwa nyuma ya pikapu ya Halfani, mwenye duka pale mjini. Aliyeendesha ni Leonidas, Mfipa mmoja mpole ambaye watu hawakuwahi kumsikia akigombana. Walitoka Mamba mchana kuelekea Mpanda, wakapata pancha njiani, na jua likawazamia kabla hawajaifikia Sitalike. Pikapu ilikuwa na taa zake za nyuma, lakini tela na shehena yake viliziziba zote, na tela lenyewe halikuwa na taa hata moja. Lori lililokuja nyuma yao ndani ya vumbi halikuona kitu mpaka lilipogonga.

Kwenye msiba Halfani alikuja na kanzu yake nyeupe, akaleta sukari na mchele, akakaa mkekani pamoja na wanaume. "Kazi ya Mungu haina makosa," alisema, na watu wakaitikia. Apolinari hakuitikia. Kazi ya Mungu haina makosa, sawa. Lakini taa za tela hafungi Mungu. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwambia Halfani mwenyewe, mbele ya duka lake, kwamba tela lile linahitaji taa. Halfani alicheka kidogo na kusema, "Fundi, ngoja kwanza tuvune."

Matanga yalipoanuliwa, Natalia, mjane wa Kalisti, alisema anarudi kwao Mamba akalime na mama yake. Wazee wa ukoo hawakumpinga. Halfani, pengine kwa kutaka kuutua mzigo uliomwelemea moyoni, alijitolea gari lake limpeleke na vyombo vyake. Tela lilikuwa limekwisha kunyooshwa.

Natalia alimjibu watu wakisikia. "Nashukuru, mzee wangu. Ila mimi sipandi pale, na hata kijiko changu hakipandi, mpaka tela lile liwake taa."

Kesho yake asubuhi Leonidas alisimama nje ya banda la Apolinari. Kovu jipya lilimshuka kutoka kwenye nyusi hadi shavuni.

"Hodi, kaka."

Apolinari aliitambua sauti. Aliendelea kusugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya.

"Mzee Halfani amenituma. Tela lifungwe taa."

"Mafundi ni wengi."

"Wa umeme ni wewe." Leonidas akaongeza taratibu, "Na shemeji Natalia amesema uwe wewe, si mwingine."

Hilo Apolinari hakulitarajia. Aliweka brashi chini, akamwacha yule dereva amesimama palepale, akaenda nyumbani. Alimkuta Natalia uani anapeta mchele.

"Natalia, kwa nini kazi hii unanipa mimi?"

Mwanamke hakusimamisha ungo. "Nimpe nani, shemeji? Nitakapokuwa nimekaa kwenye gari lile na giza likatukuta, nataka nijue ni mkono wa nani uliofunga."

Apolinari alirudi bandani, akamwambia Leonidas alete gari kivulini.

Soketi za tela, za kuchomekea plagi ya taa zake, hazikuwepo dukani. Miaka ile hata balbu ilikuwa ya kutafuta. Aliifungua moja kutoka kwenye lori bovu lililokuwa likiozea karibu na stesheni, akaichokonoa uchafu tundu kwa tundu. Akatoboa bampa la nyuma la pikapu kwa keke ya mkono, akaikaza soketi kwa skrubu, kifuniko chake kikitazama juu ili matope yasiingie. Nyaya alizipitisha ndani ya kipande cha mpira zisije zikakatwa na bati, akazifuatisha chini ya gari, mmoja kwenye taa za kawaida, mmoja kwenye breki, mbili kwenye indiketa. Kila kiungo alikilehemu kwa chuma alichokipasha moto kwenye jiko la mkaa. Leonidas alimshikia waya alipoambiwa ashike, akauachia alipoambiwa aachie.

Kisha akafunga taa mbili nyuma ya tela, nyaya zake zikaishia kwenye plagi. Plagi hiyo ilipochomekwa kwenye soketi mara ya kwanza, taa ziliwaka hafifu kama kaa linalozimika. Kosa lilikuwa kwenye waya wa kurudisha umeme, ule ambao mafundi huuita ethi: alikuwa ameufunga juu ya kutu. Apolinari akalala tena chini ya gari, akakwangua chuma mpaka kikang'aa. Akiwa hukohuko chini, uso haonekani, ndipo alipouliza.

"Siku ile, lori uliliona?"

"Kwenye kioo niliona magunia tu, kaka. Nilisikia kishindo."

"Mngelala njiani, Usevya."

"Tajiri alitaka mpunga uwahi treni."

"Na wewe hukuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao. Niliogopa kufukuzwa kazi."

Chini ya gari kulisikika kisu kikikwangua chuma, kikasita, kikaendelea.

"Ingia ndani," Apolinari alisema alipojitokeza na vumbi kichwani. "Kanyaga breki."

Leonidas alikanyaga. Taa mbili nyekundu ziliwaka nyuma ya tela, kali, hata mchana ule. Apolinari alisimama mbele ya taa hizo, mahali ambapo dereva wa lori lile angekuwa.

"Niachie, kaka?" Leonidas aliuliza kutoka ndani.

"Usiachie."

Alizitazama muda mrefu. Machozi yaliyomkatalia makaburini yalimjia pale, mikono yake ikiwa imejaa grisi na hana cha kujifutia. Leonidas alimwona kwenye kioo cha pembeni. Hakugeuka, alishikilia breki mpaka mguu ukaanza kutetemeka.

Jumamosi vyombo vya Natalia vilipakiwa. Apolinari alikagua plagi, akaivuta kuona kama inalegea, kisha akampa Leonidas balbu ya akiba iliyofungwa kwenye kitambaa. "Giza likiwakuta mahali, laleni hapohapo," alisema. Natalia alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akapiga magoti kidogo kama desturi ya kwao, akapanda mbele karibu na dereva. Walifika salama, na habari ikaletwa Mpanda na watu wa Mamba waliokuja mnadani.

Hawakuwa marafiki, Apolinari na Leonidas. Hawakunywa pamoja wala kutembeleana. Lakini kabla ya kila safari ndefu Leonidas alipitisha gari bandani, naye Apolinari alikagua taa moja moja. Halfani alikuja mwenyewe mara moja, akasimama mlangoni, akasema, "Fundi, ulinieleza, sikukusikia." Apolinari alimvutia kigoda akae.

Wenye matela wengine nao wakaanza kuja, wa Magamba, hata wa Mwese. Mmoja alikuja ana haraka, taa yake ya kushoto haiwaki, akasema moja inatosha, atarudi wiki ijayo. Apolinari alichomoa ufunguo wa gari la mtu yule kwenye swichi, akautia mfukoni, akaenda kutafuta balbu.