Saa Tatu za Kutoka Kisumu

Mwaka 1947, Jumatano moja kabla ya alfajiri, tulimpoteza bibi yangu mzaa baba, na nyumba yetu ya Changamwe ikajaa harufu ya udi na kafuri. Kwetu anayekufa alfajiri huzikwa adhuhuri. Bibi hakuzikwa adhuhuri, na hilo ndilo ninaloliandika.

Baba alikuwa kibarua wa uwanja wa ndege, akibingirisha mapipa ya mafuta. Nduguye mdogo, Ami Salim, alikuwa mpishi kwenye uwanja wa Kisumu. Karani mmoja wa kazini kwa Baba alimpelekea habari kwa simu ya upepo, na jibu likaja kwamba amepewa nafasi katika ndege ya asubuhi. Kwa gari la moshi angekuwa njiani siku mbili. Baba alirudi mbio. "Kisumu hadi Nairobi saa moja, Nairobi hadi hapa saa mbili," alimwambia maalim. "Mama ataswaliwa na wanawe wote, inshallah." Maalim hakupenda, lakini alikubali, maana Baba ndiye aliyejua mambo ya ndege.

Alijua ndege zinazoshuka tu. Kila siku aliziona zikitua, ila hakuwahi kupanda hata moja, wala hakuna aliyemwambia kwamba huko Nairobi ndege hupakuliwa, hutiwa mafuta, hungoja mawingu yafunguke. Alihesabu mwendo wa angani peke yake.

Adhuhuri ikapita. Wanaume barazani walitazama juu, na mmoja akamwambia Baba, "Athmani, hiyo ndege yavutwa na punda?" Wachache walicheka, kisha wakaona haya. Alasiri nayo ikapita, na joto lilikuwa la Kaskazi. Ndani, wanawake walitia udi juu ya udi, na hakuna aliyesema kwa nini. Mwisho Bi Rukia, dadake marehemu, alitoka hadi mlangoni. "Athmani mwanangu, waniwekea dadangu kama shehena ya gatini? Mchukueni."

"Naam, mama," alisema Baba, akashika jeneza upande wa kichwa. Nilimwona akigeuza uso pembeni ili avute pumzi, naye akaona kwamba nimemwona.

Siku hizi wajukuu wangu huondoka Kisumu kwa ndege asubuhi na mchana hula kwangu. Hunisifia wepesi wa safari. Mimi huitikia na kuinamisha macho, kwa ajili ya Baba.

Ami Salim alifika kesho yake mchana. Ndege ilikuwa imelala Nairobi. Aliketi jamvini na koti lake la kazi, akauliza, "Mama alizikwa saa ngapi?" Baba alifungua mdomo, lakini Bi Rukia akamtangulia.

"Adhuhuri, mwanangu. Hakukawizwa."

Ami akasema alhamdulillahi, akalia. Baba aliinuka, akachukua birika, akamwagia nduguye maji ya kunawa, akigeuza uso pembeni hata mengi yakaishia jamvini.