Kona Niliyoipitisha

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na shati jipya, nikidhani ofisi ya wasanifu majengo ni mahali pa kukaa kwenye kiti na kuchora. Msanifu Mkuu, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alinitazama viatu, akanipa sururu na koleo, akaniambia nikachimbe shimo nyuma ya ofisi mpaka udongo ubadilike rangi. Nilichimba hadi mchana huku nikilaani moyoni. Alipokuja kuchungulia, alinieleza kwamba hilo linaitwa shimo la majaribio, na kwamba kabla hujachora chochote lazima ujue jengo litakalia nini. Basi. Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa, na sijapata mengine yaliyoyazidi.

Cheo changu kilikuwa msimamizi wa ujenzi. Msanifu anachora, fundi anajenga, na mimi nilikuwa katikati yao na kitabu cha ukaguzi: hatua yoyote haiendelei mpaka nimeikagua, nimeandika “sawa” na kusaini. Nilianzia Endagikot kwenye madarasa. Nikapelekwa Dongobesh kwa mfanyabiashara mmoja aliyebadilisha mawazo kuhusu mlango wa duka lake kila Ijumaa akitoka msikitini. Kisha Haydom, kwenye hospitali, ambako tulijenga mabanda ya kulala ndugu wa wagonjwa wanaoshuka na mabasi. Huko Msanifu Mkuu alitulazimisha kukaa wiki nzima kwenye benchi pamoja na ndugu hao kabla ya kuchora, na tukagundua kwamba walichotaka kwanza ni jiko, si vitanda. Ninyi vijana wa leo mnauita ushirikishwaji wa jamii na mnauandikia taarifa zenye picha. Sisi tuliita kuuliza.

Kazi ninayotaka kuwasimulia ni zahanati ya kijiji kimoja upande wa Nangwa, kwenye ule udongo mweusi wa mbugani. Udongo huo una tabia mbaya: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi kikija unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Msingi lazima uchimbwe mpaka uupite wote, ufike kwenye udongo mweupe mgumu. Ofisi ilileta ramani na fundi, wanakijiji wakaleta mawe, maji na nguvu zao. Mtaro wa msingi tuliugawa kwa vitongoji. Kona ya chumba cha kujifungulia iliangukia kitongoji ambacho wanaume wake wengi walikuwa wameondoka na ng'ombe kutafuta malisho, kwa hiyo walichimba wanawake, wakiongozwa na Ama Paskalina. Ama kwa Kiiraqw ni bibi, na huyu alikuwa rika la mama yangu.

Siku ya ukaguzi nilipita na kipande cha nondo, nikikichoma chini ya mtaro. Kote kiligonga pagumu. Kwenye kona ya akina mama kikazama. Palikuwa bado peusi, palihitaji kuongezwa kina cha goti zima. Nilijua pale pale, msidhani nilikosea kupima. Lakini wale wanawake walikuwa wamekaa ukingoni na vumbi hadi kwenye kope, mikono imetoka malengelenge, na makande wametupikia. Ama Paskalina akaniuliza, “Mwanangu, tumemaliza?”

“Mmemaliza, Ama,” nikasema.

Nikaandika sawa, nikasaini, nikala makande. Fundi mkuu wetu, Yusufu, mtu wa Katesh, aliniuliza kama nina hakika na kona ile. Nilimjibu kwamba kila mtu aangalie kazi yake. Kesho yake akapanga mawe na kumwaga zege, kama kitabu kilivyomruhusu.

Masika ya pili ukuta wa kona ile ulipasuka kuanzia dirishani hadi chini, ufa wa kupitisha kidole. Chumba kikafungwa, na akina mama wakarudia kupakiwa kwenye bodaboda na uchungu wao kwenda kujifungulia mbali. Maneno yakaanza, na yote yakamwangukia Yusufu: ameiba saruji, amejengea mchanga mtupu. Kijiji jirani kilikuwa kimemwahidi kazi ya kujenga nyumba ya mwalimu, kikaivunja ahadi. Mtu aliyekuwa akiongoza mafundi wenzake akabaki kuchoma matofali ya watu. Nilisikia yote hayo nikanyamaza. Msimu mzima nilinyamaza. Niliogopa kufukuzwa kazi, na niliona haya. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Ofisi ikanituma kuandika taarifa ya ufa. Mimi! Ingekuwa rahisi mno: mstari mmoja tu, “zege hafifu”, na Yusufu angekwisha kabisa. Nilifukua pembeni mwa kona, nikaona nilichokuwa nakijua. Mawe yalikaa juu ya udongo mweusi, na zege la Yusufu lilikuwa gumu hata sururu ilidunda. Mficha uchi hazai, wanasema, nami nilikuwa nimeficha vya kutosha. Nikampelekea Msanifu Mkuu taarifa ya kweli, jina langu likiwa ndani yake. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

“Mimi nimeshaisoma,” alisema. “Kawasomee waliochimba. Na Yusufu awepo.”

Mkutano wa kijiji ulijaa. Nilisimama, nikasema kwamba nilipima, nikaona kina hakitoshi, nikapitisha, na kwamba fundi hakuiba hata kijiko cha saruji. Yusufu alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Nilitegemea matusi. Aliyeinuka ni Ama Paskalina, taratibu, ameshika bega la jirani yake.

“Ulituonea huruma,” alisema. “Nani alikuomba huruma? Jua lilikuwa bado juu. Ungesema tuongeze, tungeongeza, tukakusema vibaya njiani, tukaenda kulala. Wewe umetufanya watoto.”

Nikamwambia, nisamehe, Ama. Akasema nikae chini, kuna mambo ya kupanga.

Yusufu aliitwa kurekebisha. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande: unachimba chini ya msingi upana wa hatua moja, unajaza zege, unasubiri likauke, ndipo unahamia kipande kingine, usije ukauangusha ukuta wote. Kila kipande, kabla ya kumwaga, Yusufu alinitaka nishuke shimoni mimi mwenyewe niguse chini kwa mkono mbele ya watu. Nilishuka kila mara. Wanawake walisimama juu wakitazama, na wengine walinicheka suruali. Chumba kikafunguliwa tena.

Ofisi ilinipa barua ya onyo, ikanibakiza mpaka nikastaafu. Sasa ninalima Endagikot, na wasimamizi vijana hunipigia simu. Nikisikia shikamoo ndefu, najua mahali fulani kuna mtaro wa wazee usiofika kina. Nawaambia heshima kwa mzee ni kumwamkia, kumpisha kiti, na kumwambia ukweli wa shimo lake. Wanacheka, wanadhani ni utani.

Wajukuu wa Ama Paskalina wamezaliwa katika chumba kile, na yeye tukikutana mnadani hunitania mpaka watu wanageuka. Yusufu alirudishiwa kazi na jina lake. Tukikutana Katesh tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto. Lakini alipojenga nyumba yake mwenyewe, msingi ukiwa bado wazi, alimwita mtu mwingine kuukagua. Iliniuma sana, na sikumlaumu.